Nilivyoacha Kuiogopa Desemba



Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, nafundisha Jiografia. Ni mke na mama wa watoto watatu. Sijazoea kuyaweka mambo ya nyumba yangu mbele ya watu nisiowajua, na kabla ya kuandika nilimwomba mume wangu ruhusa, kwa sababu sehemu ya aibu hii ilimwangukia yeye ingawa hakuifanya. Alisema niandike, ila nisimpambe. Nitajitahidi.

Nilizaliwa Njombe. Kwetu Krismasi ilikuwa jambo jepesi. Tulikula wali badala ya ugali, kuku mmoja akagawanywa mpaka shingo ikapata mwenyewe, tukavaa nguo mpya, tukaenda kanisani kwenye matope ya mvua za Desemba. Jioni wageni waliokuja walikuta chai. Sikumbuki mama yangu akilia kwa sababu ya sikukuu.

Nikaolewa Uchagani, Kilema, chini ya Mlima Kilimanjaro. Wanaojua wanajua Desemba ya kule ilivyo. Nyumba zilizofungwa tangu Januari zinafunguliwa, magari yanapanda vilima yakiwa na namba za kila mkoa, mashambani kwenye migomba kunasikika watoto wanaozungumza Kiswahili cha Dar tupu. Huku mjini nako foleni za barabarani hupungua, na watu hutania kwamba Wachagga wameondoka na mji wao. Kwenda nyumbani Krismasi si starehe ya hiari kwa ukoo wa mume wangu. Usipoonekana, utaulizwa, na ukionekana, utatazamwa.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimsikia mmoja wa mawifi akimwuliza mwenzake jikoni kama mimi nitayaweza mambo ya kule. Leo najua hakuwa na ubaya. Lilikuwa swali la kawaida kuhusu bi harusi mgeni asiyejua kupika mtori wa ndizi wala kukaa na moshi wa kuni. Lakini mimi nililichukua likakaa moyoni, na kuanzia siku hiyo Krismasi kwangu ikawa kama mtihani wa taifa: mama mkwe ndiye msimamizi, mawifi ndio wasahihishaji, nami mtahiniwa ninayetaka daraja la kwanza kila mwaka.

Basi nikawa najiandaa, au ndivyo nilivyojidanganya. Maandalizi yangu yalianza Desemba yenyewe, shule zikishafungwa, wakati Dar es Salaam nzima nayo imeamka. Nashinda Kariakoo nasukumana na watu, nabeba mapazia, mashuka, vyombo, nguo za watoto na viatu ambavyo Pasaka vingekuwa vimeshawabana. Kitenge nampelekea fundi cherehani ambaye ameshapokea vitenge vya mtaa mzima, nami namwamini anaposema Jumamosi. Mkesha wa safari niko saluni, kwenye foleni ya kusuka, mpaka usiku. Tiketi za basi nazitafuta siku za mwisho. Wakati ule mabasi yalikuwa bado yanaanzia Ubungo, na ukichelewa kukata ulikuwa mikononi mwa wapiga debe. Bei unayoambiwa ndiyo hiyo, na risiti usiulize. Kutoka Dar hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500, nami njia nzima nilikuwa nahesabu kichwani nilichosahau.

Nyumbani kila mtu alinikimbia. Watoto walifokewa kwa sababu ya alama ya kidole kwenye ukuta uliopakwa rangi. Mume wangu alijifunza kukaa nje mpaka giza liingie. Na dada yetu wa kazi, binti kutoka Singida aliyeletwa kwangu na mama mmoja wa jumuiya, hakwenda kwao sikukuu hata mara moja tangu aje. Kila Novemba aliniuliza kwa adabu, nami kila Novemba nilimjibu, "Mwakani, mdogo wangu. Mwaka huu nitakwamaje bila wewe?" Nilimwita mdogo wangu. Mshahara wake wa Desemba nilimlipa Februari.

Tulipofika Kilema nilishuka garini nikiwa nimevaa vizuri na nimekasirika. Nilishusha sufuria mpya kwa ajili ya jiko la mama mkwe, bila kumwuliza kama za zamani zina tatizo gani. Nilibadilisha mapazia ya sebule yake. Nilipanga nani akate nyama, nani asimamie ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, wageni wakae wapi. Usiku wa Krismasi kwenye Misa nililala usingizi kwenye benchi, mkono wa mwanangu ukiwa mapajani mwangu, na sikusikia mahubiri. Kilema ni parokia ya zamani sana. Wamisionari wa Kikatoliki walifika pale mwanzoni mwa miaka ya 1890. Kwenye kanisa lenye historia hiyo mimi nilikuja kusinzia.

Halafu inakuja Januari. Mwalimu mwenzangu anajua ninachosema. Mshahara wa Desemba hutoka mapema kabla ya sikukuu, na wa Januari hautoki mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo kati yake kuna majuma mengi kuliko pesa. Shule zinafunguliwa, ada inadaiwa, sare, madaftari, viatu vingine, nauli. Mimi niliyefundisha watoto wa watu kusoma ramani nilikuwa naingia kwenye shimo lile lile kila mwaka, tena kwa miguu yangu.

Nifike sasa mahali penyewe.

Mwaka 2017 kulikuwa na jambo kubwa kwenye ukoo. Wajukuu wengi walipata kipaimara mwaka ule, ikaamuliwa Krismasi iwe ya wote. Nikataka ionekane kwamba familia yetu ndiyo imebeba. Mume wangu aliniambia tuna kiasi fulani na tusizidishe. Nikamwitikia. Kesho yake nikaenda kukopa bila yeye kujua, kwa watu wa kausha damu. Nilikopa laki nane. Sharti lao nililijua, kwa maana walimu wenzangu wawili walikwishapita njia hiyo nikawacheka moyoni: unaacha kadi yako ya benki na namba ya siri. Mshahara ukiingia wao ndio wanaokwenda kwenye mashine, wanachukua chao na riba yao, wanakuachia kinachobaki. Sheria ya huduma ndogo za fedha, ile ya 2018, ilikuwa haijatungwa. Lakini sitaki kujificha nyuma ya sheria. Hakuna aliyenishika mkono. Niliandika namba ya siri kwenye karatasi yao kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Krismasi ilikwenda vizuri, kama watu wasemavyo. Watu walikula, walisifu. Picha zipo. Ninapozitazama naona kwamba mama mkwe hayumo hata katika moja, alikuwa jikoni.

Januari mshahara wangu ukaingia, na nilichoachiwa hakikutosha hata nauli ya mwezi. Nikawaambia nyumbani kwamba kuna tatizo la mfumo. Februari nikasema hivyo tena. Kijana wangu mkubwa akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, akakaa sebuleni na sare yake, hakuniuliza kitu. Sukari ikawa ya kupima. Mume wangu hakuniuliza chochote, na ukimya huo nilijua maana yake: alikuwa anangoja nimwambie mwenyewe.

Ilitokea kwamba mwezi huo wa Februari mama mkwe alikuja Dar kutibiwa macho, akafikia kwetu. Nilijaribu kuficha. Nilimpikia kama kawaida yangu ya kujionyesha, kwa pesa niliyokopa kwa jirani. Lakini mama yule amelea watoto saba kwenye kihamba, shamba la nyumbani. Kabati lisilo na kitu halimpiti. Asubuhi ya tatu, watu wameondoka, akaniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, jicho moja limefungwa bandeji.

"Mwanangu," akasema, "hiki chakula mnachonipa mnakitoa wapi?"

Nikaanza na hadithi ya mfumo. Akaniacha nimalize.

"Na yale mambo ya Krismasi, yote yale, yalikuwa ya deni?"

Hapo nikalia. Sikulia kwa toba, niseme ukweli. Nililia kwa sababu nimefumaniwa. Nikamweleza yote, kadi, namba ya siri, riba. Nilitegemea aseme lile neno la wakwe, kwamba mwanawe ameoa hasara. Alikaa kimya kidogo, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote ile.

"Mimi ninakuogopa," akasema. "Desemba ikifika, ninafua mapazia ambayo najua utayatoa. Ninaficha sufuria zangu nyeusi chini ya kitanda. Mwaka jana nilikopa saruji nikarekebisha sakafu kwa sababu unakuja wewe."

Yaani sisi wawili tulikuwa tunaogopana, kila mmoja anakopa kwa ajili ya macho ya mwenzake.

Tukakaa pale mpaka mchana. Akanisimulia Krismasi ya wakati wake, alipokuwa mke kijana. Kahawa ilikuwa inaanza kuiva katikati ya mwaka, Julai hivi, na mavuno yanaendelea mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Wanachuma nyekundu tu, wanamenya kwa mashine ya mkono, wanaichachusha, wanaiosha, wanaianika kwenye vichanja, wanaigeuza na kuikimbiza ndani mvua ikitishia, halafu wanaipeleka chama cha msingi. Pesa ya kahawa ndiyo ilinunua nguo za watoto, ikalipa shule, ikabakiza ya sikukuu. Mbuzi walikuwa bandani, wamenona kwa majani ya kukatiwa. Ndizi zilikuwa mgombani. Pombe ya mbege wanawake waliianza mapema, maana ndizi lazima ziive kwanza, zipikwe, zichachuke, ulezi uchipue na kukaushwa na kusagwa, na gome la msesewe litafutwe. Huwezi kuipika tarehe 24 uinywe tarehe 25. Kwa hiyo Krismasi ilipofika kila kitu kilikuwa kimeshalipiwa na jasho la miezi iliyopita. Mwaka ambao kahawa ilikataa walikula ndizi na maharage, wakaenda Misa, na hakuna aliyewaona wajinga.

Mimi hayo ya kahawa nilikuwa nayaandika ubaoni kila mwaka. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, 1933. Mwaka 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mgao wa kuuza kahawa ulipovunjika, bei ikaanguka, wakulima wakaanza kupoteza moyo na miti yao. Wanafunzi wangu wananakili, wanajibu mtihani. Sikuwahi kujiuliza kwamba sikukuu ile ninayoitawala kwa fujo ilijengwa juu ya kahawa hiyo, na kahawa ilipopungua sisi watoto wa mjini tuliiacha karamu ibaki na ukubwa ule ule, tukatafuta pa kukopa.

Usiku nikamwambia mume wangu. Alikuwa anajua kitambo. Mmoja wa wale wakopeshaji alikuwa amempigia simu tangu Januari. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia ungenifokea." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu kweli ningemfokea.

Mama mkwe akarudi Kilema. Wiki chache baadaye simu yangu ikalia ujumbe wa M-Pesa, kiasi kikubwa ambacho sikukitarajia, kutoka kwa mmoja wa mashemeji. Nikampigia. Akasema mama ameuza mtamba wake, na ametaka pesa iletwe kwangu, si kwa mume wangu, wala shemeji hajaambiwa sababu. Mtamba yule nilimfahamu. Mama alimlea tangu ndama, anamkatia majani kila siku kwenye mteremko akiwa na magoti mabovu, na alikuwa karibu kupandishwa. Ilikuwa iwe maziwa yake ya uzeeni.

Nilimpigia mama nikimkatalia. Akaniambia nisimpigie kelele, vocha inakwenda bure, niende nikachukue kadi yangu. Nikasema nitamlipa. Akasema, "Sijakukopesha." Mpaka leo hajawaambia mawifi. Ninyi mnaosoma haya mmejua kabla yao, na nadhani nao sasa watajua, sawa tu.

Nimekaa kanisani tangu utoto nikisikia habari ya neema. Nilidhani naielewa. Lakini mpaka mtu uliyemdharau sufuria zake auze mnyama wake kwa ajili ya deni ulilojitakia, unaielewa vingine. Nilichukua kadi yangu. Nikaenda moja kwa moja kuungama, nikiwa na vumbi la daladala, na padri akanipa malipizi mepesi mno kuliko nilivyofikiri nastahili.

Msidhani nilibadilika siku hiyo. Nilichobadilisha kwanza ni vitu vidogo, tena kwa kubahatisha.

Nilianza na mchele. Mpunga huvunwa miezi ya katikati ya mwaka, na Juni na Julai mchele wa Mbeya na Morogoro unapatikana kwa bei ambayo Desemba utaiota. Nikanunua wa sikukuu mapema. Mara ya kwanza niliuweka vibaya, ukaingia fukusi, Desemba tukawa tunapepeta na kuchambua huku watoto wakicheka. Sasa naukausha vizuri, naufunga kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana. Mafuta, sabuni na maharage navyo nanunua kidogo kidogo kuanzia Septemba. Viatu vya watoto nanunua vile watakavyovaa shuleni Januari. Vinavaliwa Krismasi vikiwa vipya na havihitaji ndugu.

Ada ndiyo iliyonishinda zaidi, mpaka nilipokubali kwamba lazima itangulie sikukuu. Tunayo daftari moja kubwa, tunaandika Agosti: ada ya Januari kiasi gani, sare, nauli ya mwezi mzima. Hiyo inawekwa kwanza, mahali ambapo mimi peke yangu siwezi kuitoa, kwa sababu najijua. Kinachobaki ndicho cha Krismasi. Kuna mwaka kilichobaki kilikuwa kidogo sana hata hatukusafiri. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Tulikaa Dar, tukaenda Misa kwa miguu, tukapika pilau na jirani zetu Waislamu wakaja kula nasi kama tunavyokwenda kwao Idi, na jioni tulimpigia mama simu ya picha.

Mwaka ule ule wa 2018 nikamwomba mume wangu azungumze na ndugu zake. Alisitasita, wanaume wa kwao hawapendi kuonekana hawana. Lakini Septemba ile tukafanya kikao kwa simu, na yeye akasema waziwazi kwamba sisi tulijiumiza Krismasi iliyopita na hatutaki tena. Kimya. Halafu shemeji mkubwa, yule ambaye sote tulidhani pesa haimsumbui, akasema kwamba naye alikuwa amekwama, na kwamba mwaka juzi aliazima gari la kupandia nyumbani. Wifi yule wa swali la jikoni akasema pesa yake yote ya mchezo wa kijumbe ilikwenda kwenye nguo. Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Tukakubaliana mbuzi mmoja badala ya ndafu tatu za kushindana, kila nyumba inaleta kitu chake kilichoandikwa, na mama asiguse chombo siku hiyo. Hilo la mwisho amelikataa. Anagusa.

Sasa nirudi kwa yule dada wa kazi, kwa sababu yeye ndiye aliyeniuma zaidi na sikutaka kumweka mwisho kama vile ni nyongeza. Baada ya kikao kile nilimwita, nikamwambia Desemba hii aende kwao. Akaniuliza kama nimemfukuza. Ndivyo alivyonielewa: kwamba ruhusa kutoka kwangu haiwezi kuwa kitu chema. Nikakaa naye, nikamwuliza habari za mama yake, maswali ambayo ningepaswa kumwuliza siku aliyokuja. Mama yake alikuwa hai, mgonjwa wa miguu, anaishi na wadogo zake wawili. Nikamlipa alichonidai chote, nikamkatia tiketi ya Singida mwanzoni mwa Desemba, kabla nauli haijawa vita. Alirudi Januari na kuku wa kienyeji wawili na mfuko wa karanga kutoka kwa mama yake. Mimi niliyemnyima mtoto wake nikaletewa kuku. Siku hizi ameolewa, ana cherehani yake, na vitenge vya watoto wangu anavishona yeye. Jumamosi akisema Jumamosi, ni Jumamosi.

Kumkosa Desemba kulitufundisha kazi. Mume wangu anaosha vyombo. Anaosha vibaya, nami nimejikataza kurudia nyuma yake. Kijana mkubwa anapika wali unaolika. Nyumba siipaki rangi tena kwa ajili ya sikukuu.

Krismasi ya 2018 tulipofika Kilema sikubeba pazia hata moja. Mama alikuwa ametundika yale yake ya maua, yaliyofifia. Mikono iliniwasha, nakiri. Niliingia jikoni, nikamkuta anamenya ndizi za mtori, nikaomba kisu. Sufuria zake nyeusi zilikuwa juu ya mafiga, hazijafichwa popote. Alinionyesha namna ya kumenya bila utomvu kuharibu mikono, unapaka mafuta kidogo kwanza. Nilikuwa nimekuja kwenye jiko lile miaka mingi na sikuwahi kujua hilo, kwa sababu sikuwahi kukaa chini.

Mwaka uliofuata treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudi, Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya reli kulala. Tukaipanda. Ilikuwa ya polepole, lakini watoto walizunguka, walilala, waliamka wakiona milima ya Upare, na mimi nilipata saa nyingi za kukaa bila kuhesabu chochote. Nilisoma masomo ya Majilio njiani. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikijua kwamba Kanisa lenyewe linatupa Dominika nne za kujiandaa, kwa rangi ya zambarau na bila kuimba Utukufu, na nilikuwa nazitumia zote nne Kariakoo. Sasa Majilio yakianza, manunuzi yanakuwa yamekwisha, au kama hayajaisha yanaachwa. Jioni tunawasha mshumaa, tunasoma somo, mdogo anabishana na dada yake nani auzime. Mara nyingi sala inaishia hapo.

Bado naanguka. Mwaka juzi nilipita dukani nikaona seti ya vyombo, moyo ukaenda mbio kama zamani, nikainunua kwa pesa ya nauli. Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu kabla sijavua viatu, tukacheka, tukairudisha kwa hasara kidogo. Picha za wenzangu kwenye simu bado zinanichoma tarehe 25. Na hofu ya kutazamwa haijaondoka; ninapopanda kilima kile naisikia tumboni. Ila nimejua kwamba anayenitazama kutoka mlangoni naye ana hofu yake, na ninashuka garini kumsalimu kwanza kabla ya kushusha mizigo.

Mama yupo. Macho yamepona kiasi. Sisi watoto wake tulichanga, tukamnunulia mtamba mwingine, tukamwambia ni zawadi ya ukoo. Alinitazama mimi peke yangu, hakusema kitu, akaenda kumkatia majani.

Ndugu yangu unayesoma, sijui uko wapi katika mambo haya. Kama ni mapema bado, fungua daftari wiki hii na uandike ada kabla ya kitu kingine chochote. Kama una binti wa kazi, mwulize leo mara ya mwisho kumwona mama yake ilikuwa lini, na umkatie tiketi. Na kama umeshaacha kadi yako kwa watu wale, mwambie mwenzako usiku huu. Huenda anajua tayari.